Njia ya droni inaanzia ardhini: niliyojifunza kwenye kutafuta mabomu ya barabarani

Kila nikisema kazi yangu ni kupanga njia za droni za kutafuta mabomu yaliyofukiwa kandokando ya barabara, swali linalofuata ni lilelile, droni gani hiyo? Halafu kamera gani, inaenda mbali kiasi gani, inakaa hewani dakika ngapi. Hakuna anayeuliza mnaruka saa ngapi, na hilo ndo swali linalotukosesha usingizi, tena kwa maana halisi kabisa maana jibu lake mara nyingi ni usiku wa manane au alfajiri. Nilianza kama mrushaji tu wa kushika rimoti, siku hizi nakaa kwenye ramani kuliko kwenye rimoti, na haya ninayoandika ni yale ambayo ningefurahi kuambiwa mapema. Hayapo kwa mpangilio sana, mtanivumilia.

Kwanza kabisa droni haioni bomu. Nawaambia hivi vijana wapya kila wanapokuja, wanaitikia, halafu wakikaa kwenye skrini wanatafuta umbo la bomu. Kinachoonekana kutoka juu ni ardhi iliyoguswa. Mtu akichimba akafukia kitu, udongo haurudi ulivyokuwa, unalegea, unabeba hewa ndani, wa chini unakuja juu kwa hiyo rangi inabadilika kidogo, majani yaliyokuwa pale yamekatwa mizizi na baada ya siku chache yanasinyaa, na kama kumebaki kituta au kibonyeo basi jua likiwa chini kinatupa kivuli. Kamera ya kawaida inashika rangi na kivuli. Kamera ya joto inashika jinsi ule udongo unavyopokea na kupoteza joto tofauti na jirani yake. Kamera ya infraredi ya karibu, ile inayoona mwanga ambao jicho halioni, inashika majani yaliyoanza kudhoofu kabla jicho halijajua. Kwa hiyo wewe mpangaji wa njia humtafuti mnyama, unatafuta nyayo zake, na hiyo inabadilisha kila kitu kuanzia urefu wa kuruka mpaka kasi mpaka saa.

Tuje kwenye hesabu, na naomba usiiruke maana hapa ndo njia nyingi zinaharibikia. Chukua kamera ya joto ya kawaida ya siku hizi, pikseli 640 kwa 512, kila pikseli maikromita 12, lenzi ya milimita 13. Ukiruka mita 30 juu ya ardhi, pikseli moja inafunika kama sentimita 2.8 za ardhi. Upana wote wa picha unakuwa karibu mita 18. Ukipanda mita 60 pikseli moja ni sentimita 5.5 na upana unafika mita 35. Sasa kama kiraka unachotafuta, yaani pale palipochimbwa, kina upana wa sentimita 20, ukiwa mita 30 unapata pikseli saba hivi kwa upana, ukiwa mita 60 zinabaki tatu na kitu. Pikseli tatu zenye ukungu hazimwambii mtu chochote, inaweza kuwa kinyesi cha ng'ombe, jiwe, kivuli cha jiwe, chochote. Lakini mita 60 inavutia bana, unafunika eneo mara mbili, kazi inaisha mapema, ramani inapendeza kwenye ripoti.

Na kasi je? Kamera nyingi za joto zisizopoozwa, vile vihisi vyake vinachukua kama milisekunde 10 kuitikia badiliko la joto. Ukienda mita 5 kwa sekunde, ndani ya hizo milisekunde 10 umeshasogea sentimita 5, yaani karibu pikseli mbili ukiwa mita 30. Picha inapakwa kama rangi iliyopitishiwa kidole. Ukishuka mpaka mita 3 kwa sekunde unasogea sentimita 3, pikseli moja tu, hapo picha inakubalika. Alafu unataka picha ziingiliane asilimia 80 ili programu iweze kuziunganisha, kwa hiyo kila ukisogea kama mita 2.8 piga picha mpya, ambayo kwa mwendo huo ni picha moja kila sekunde moja hivi.

Unganisha sasa. Mita 3 kwa sekunde, kilomita moja inakula dakika tano na nusu. Barabara huipitii mara moja, unapita bega la kushoto, katikati, bega la kulia, ni mapito matatu, dakika 16 na nusu bado hujageuka wala kupanda wala kushuka. Betri yenye dakika 20 za kweli, nasema za kweli kwa sababu zile dakika 40 zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa bila upepo na bila mtu kuhitaji akiba ya kurudi salama, hiyo betri inamaliza kilomita moja. Moja! Barabara ya kilomita 10 ni betri kumi, na dirisha la joto zuri kwenye siku moja, yaani ule muda ambao kiraka kinaonekana vizuri kwenye kamera ya joto, halikupi muda wa betri kumi kama una droni moja.

Hapo ndo unaona kwa nini nasema wengi wanapanga kinyume. Wanaanza na betri, wanaigawa barabara kwa betri walizonazo, wanapata kasi, wanapata urefu, halafu wanategemea kamera iwatolee miujiza. Anza na kiraka unachotaka kukiona, rudi kinyumenyume mpaka ufike kwenye betri, na ukifika pale ukakuta betri hazitoshi basi jibu ni kupunguza barabara. Usipandishe urefu. Hii kauli nimeitetea kwenye vikao vingi na si mara zote nimeshinda, kuna wakubwa wanataka kuona kwenye ramani mstari mzima wa barabara umepakwa kijani, yaani pako salama.

Sasa saa. Udongo uliolegea una hewa, hewa ni kizuizi cha joto, kwa hiyo mchana uso wake unapata moto haraka kuliko udongo ulioshindiliwa pembeni yake, na usiku unapoa haraka. Maana yake mchana kile kiraka kinaelekea kung'aa kwenye kamera ya joto, usiku kinakuwa giza. Kati ya hapo, mara mbili kwa siku, muda mfupi baada ya jua kuchomoza na tena kuelekea kuzama, joto la kiraka na la jirani yake linalingana na kiraka kinapotea. Hakipungui tu, kinapotea kabisa. Ukiruka saa hiyo unaweza kuwa na droni ya bei yoyote na mrushaji wa mikono ya dhahabu, utarudi na picha safi za ardhi isiyo na kitu.

Hili mtu haelewi kwa kuambiwa, anaelewa kwa kuliona, ndo maana kila tukifika eneo jipya kitu cha kwanza tunatengeneza kipande cha majaribio. Tunachukua sehemu ambayo imeshasafishwa na wateguaji wa mabomu, udongo uleule wa barabara husika, tunachimba vishimo, vingine tunafukia madumu na masufuria yasiyo na kitu chochote cha kulipuka ndani, vingine tunachimba na kufukia vitupu, na vingine tunaacha ardhi ilivyo kwa ajili ya kulinganisha. Kila kimoja tunakipima mahali pake kwa GPS ya usahihi. Halafu tunapita juu yake saa baada ya saa, tangu kabla ya kucha mpaka usiku.

Nikuonyeshe siku moja ilivyokuwa. Saa kumi alfajiri mashimo yote yanaonekana, madoa meusi kwenye uwanja wa kijivu, kijana aliyekuwa kwenye skrini anayahesabu kwa kidole bila hata kuangalia ramani. Jua linatoka. Madoa yanafifia, yanakuwa ya kijivu kama jirani zake, ikafika saa moja na nusu hivi kijana anasogeza kiti karibu na skrini, anaongeza mwanga, anapunguza, anageuka ananiambia "mkuu, kamera imekufa." Nikamwambia subiri. Ilipokaribia saa tatu doa la kwanza likarudi, safari hii jeupe, halafu la pili, halafu shimo moja tulilofukia bila kitu likang'aa kuliko yote. Tokea siku ile sijawahi kumkumbusha habari ya saa. Na lile shimo tupu kung'aa kuliko lenye dumu lilitufundisha na jingine, kwamba kamera inatuambia pamechimbwa, haituambii pamechimbwa kwa nini.

Kipande cha majaribio kinakupa pia kitu ambacho hakuna kitabu kinaweza kukupa, yaani kwenye udongo huu, msimu huu, kamera yetu inashika mashimo mangapi kati ya yale tuliyochimba. Mchanga mkavu unafanya vizuri. Changarawe ina kelele nyingi kwa sababu kila jiwe lina joto lake. Mvua ikinyesha futa, udongo wote unalowa unalingana na yale madoa yanazimika mpaka pakauke, na mawingu mazito nayo yanapunguza maana jua halijaipa ardhi kitu cha kuonyesha. Upepo mkali hivyohivyo. Kwa hiyo kwenye ratiba yetu kuna siku tunakaa chini tunakunywa chai na droni ipo kwenye begi, na mpangaji mzuri ni yule anayeweza kumwambia bosi leo haturuki akaeleza sababu.

Nadhani jambo kubwa kuliko yote niliyojifunza ni hili linalofuata, na lilinichukua muda kwa sababu linajipinga lenyewe. Kuna aina mbili za kuruka na mahitaji yake yanagombana.

Ya kwanza ni kuruka kwa kulinganisha. Unapita leo, unapita tena baada ya siku kadhaa, programu inaziweka picha moja juu ya nyingine na kukuonyesha kilichobadilika. Hii ni nguvu sana kwa barabara zinazotumika kila siku kwa sababu huhitaji kujua bomu linafananaje, unahitaji kujua jana hapa hapakuwa hivi. Lakini ili ifanye kazi inabidi kila kitu kiwe kilekile, mstari uleule, urefu uleule, saa ileile ya jua maana kivuli kikihama kila mti unakuwa badiliko, kamera ileile, hata upande wa kuelekea. GPS ya kawaida inakosea mita kadhaa, hiyo haifai, utalinganisha bega la barabara na mtaro. Hapa lazima RTK, ile ya kusahihishwa na kituo cha chini, inayoshuka mpaka sentimita chache. Na zile alama za chini ambazo wapimaji wanaweka ili kusahihisha ramani, weka kwenye ardhi iliyosafishwa tu. Inaonekana ni kitu cha wazi lakini mpima ardhi aliyezoea kupima viwanja, mkono wake unamtuma aingie porini mita tano akaweke alama mahali pazuri, inabidi umshike shati.

Ya pili ni kuruka kwa kutafuta, pale ambapo huna picha ya zamani au unashuku kipande fulani. Hapa kurudia kitu kilekile ni kupoteza betri. Nieleze kwa mfano wa namba. Tuseme kipande cha mita 100 mmekipa uwezekano wa asilimia 20 kwamba kina kitu, na kwenye kipande cha majaribio kamera yenu ilishika asilimia 60. Umepita, hujaona kitu. Je pamebaki uwezekano gani? Sio sifuri. Chukua 0.2 mara 0.4 unapata 0.08, gawa kwa 0.08 ukijumlisha 0.8, unapata kama asilimia 9. Imepungua zaidi ya nusu, vizuri, lakini asilimia 9 kwenye barabara ambayo basi la abiria litapita si kitu cha kusheherekea. Sasa unapita mara ya pili, hesabu inakwambia itashuka mpaka karibu asilimia 4, ila hiyo ni KAMA pito la pili halitegemei la kwanza. Ukipita saa ileile na kamera ileile, sababu iliyokufanya usione mara ya kwanza ipo palepale, kama ni kivuli cha mti kipo, kama ni kokoto zipo, basi pito la pili halijaongeza karibu chochote zaidi ya picha. Badilisha saa, badilisha kamera, badilisha pembe, hapo ndo ile hesabu inaanza kuwa kweli.

Umeona ugomvi? Kulinganisha kunataka usibadilishe kitu, kutafuta kunataka ubadilishe kila kitu. Timu ikichanganya hizi mbili kwenye njia moja inapata hasara pande zote. Siku hizi nikipanga nazitenga kabisa, kwenye ramani zina rangi tofauti na zina betri zake. Ile mistari ya kulinganisha tunaichora mara moja na hatuigusi, ya kutafuta tunaichora upya kila siku.

Wazo la kugawa eneo, kuvipa vipande uwezekano, kisha kushusha uwezekano wa pale ulipotafuta ukakosa, sio la kwangu wala sio la watu wa droni. Mwanahisabati Bernard Koopman na wenzake waliijenga nadharia ya utafutaji kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakiwinda nyambizi, na mwaka 1968 hesabu za namna hiyo zilisaidia kuipata nyambizi ya Marekani ya Scorpion iliyozama Atlantiki. Sisi tunafanya kwenye jedwali la kompyuta tu, kila mita 100 mstari wake. Uwezekano wa kuanzia unatoka kwa watu. Dereva anayejua gari liliwahi kulipuka wapi, wachungaji wanaojua njia gani watu wameacha kuipita ghafla bila sababu ya kusema, historia ya matukio, sehemu ambazo magari lazima yapunguze mwendo kama kona kali, kivuko, kalavati, kilima. Mzee mmoja aliwahi kutuonyesha kipande ambacho programu ilikuwa imekipa alama ya chini kabisa, akasema tu "hapo sisi hatupiti." Tulipandisha alama palepale, sikuhitaji ushahidi zaidi. Kama watu wa mahali wamehamisha njia ya miguu ikapinda kuzunguka sehemu isiyo na kitu, hata kutoka juu utaiona hiyo pinda, na mimi naihesabu kama dalili sawa na doa la joto.

Halafu kuna suala la mpangilio ndani ya siku. Dirisha la joto ni fupi, kwa hiyo vipande vyenye uwezekano mkubwa vinaingia katikati ya dirisha na vya chini vinasukumwa pembezoni. Programu za kupangia njia hazijui hili, zenyewe zinatafuta njia fupi, zitakuanzishia karibu na ulipo na kumalizia mbali. Inabidi ulazimishe. Na usifanye mazoea ya kuanzia mwisho uleule kila siku, droni ina kelele, watu wanaiona, si kila anayeiona anakutakia heri. Saa huwezi kuibadilisha sana kwa sababu ya joto, basi changanya mpangilio wa vipande na sehemu za kurukia.

Sehemu za kurukia zenyewe ni mada. Kwenye karatasi ungependa usimame katikati ya kipande ili droni iende pande zote mbili. Kwenye hali halisi unasimama pale ambapo wateguaji wamesema pamesafishwa, pana nafasi ya gari kugeuka, na unaiona droni, maana nchi nyingi sheria inataka uione kwa macho na usipite mita 120 juu. Kwa hiyo kabla sijachora mstari wowote wa kuruka naweka kwanza vituo vya kusimama, mistari inafuata. Ukianza na mistari utajikuta unaomba ruhusa ya kusimama mahali ambapo hakuna mwenye akili angekuruhusu. Angalia upepo pia, nenda ukipingana nao rudi ukisukumwa nao, kwa sababu betri iliyochoka haitaki ubishi. Urefu wa kurudi nyumbani kwa dharura uweke juu kuliko nguzo na mti mrefu wa eneo zima, sio wa pale uliposimama. Na kama kuna msafara wenye jamma za kuzuia mawimbi ya redio, pangeni nao muda kabla, jamma haichagui, inakata mawasiliano ya droni yako vizuri tu, na droni iliyopotelea kando ya barabara yenye mashaka hakuna wa kuifuata. Tulishakubaliana kwenye timu, ikianguka nje ya sehemu iliyosafishwa hiyo ni mali iliyokwenda, asionekane mtu anapiga hata hatua moja.

Kamera kuangalia chini moja kwa moja ni nzuri kwa ramani, lakini barabara ina sehemu ambazo kutoka juu huoni kitu. Mdomo wa kalavati, ukuta wa mtaro, chini ya tuta, chini ya matawi. Kwa hizo tunapanga mapito mafupi pembeni, kamera imeinamishwa kama nyuzi 45, pande zote mbili. Yanakula muda kwa sababu unasimamisha droni, unageuza, unapiga. Hatuyafanyi barabara nzima, ni kwenye vivuko na makalavati tu. Na barabara ikipanda kilima hakikisha njia inafuata ardhi, kwa sababu ukiweka mita 30 kutoka uliporukia, kilima kikipanda mita 20 unabaki na mita 10 juu ya kichwa cha mtu, na bonde likishuka ile hesabu yote ya pikseli imeharibika bila wewe kujua. Ramani za mwinuko za bure za setilaiti zina vipimo vya kila mita 30 na hazijui mti uko wapi, kwa hiyo siku ya kwanza tunaruka juu zaidi kutengeneza ramani yetu ya mwinuko, ndo tunashuka.

Ile kilomita moja ya mapito matatu inazaa picha zaidi ya elfu moja. Nani anazisoma? Hapa ndo kazi inachosha kuliko kuruka. Programu za kujifunza zinasaidia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton kule Marekani mwaka 2020 walichapisha kazi ya kufundisha kompyuta kutambua vile vibomu vidogo vya plastiki vya PFM-1 kutoka picha za droni, ila hivyo vinalala juu ya ardhi na vina umbo moja linalojulikana. Vya kutengenezwa kienyeji havina umbo. Kwa hiyo programu yetu inaweka alama tu za kushangaa, watu wawili wanasoma kila mmoja peke yake bila kuona alama za mwenzake, ndo wanakutanisha. Wakitofautiana hatupigi kura, kipande kinarudi kwenye orodha ya kutafuta kwa saa nyingine. Na macho yanachoka mapema kuliko mwenyewe anavyojua, baada ya muda mfupi kila doa linafanana, kwa hiyo tunabadilishana mara kwa mara hata kama mtu anasema yuko sawa.

Kuna watu wakisikia haya yote wananiuliza sasa hii kitu inafanya kazi kweli? Inafanya, kwenye mazingira yake. Kaskazini mwa Chad, jangwani, shirika la Humanity & Inclusion mwaka 2019 walirusha droni zenye kamera ya joto wakayaona mabomu ya ardhini yaliyofukiwa miaka mingi. Lakini tazama mazingira, mchanga mkavu, hakuna majani, anga safi, tofauti kubwa ya joto la mchana na usiku. Ukichukua matokeo ya jangwani ukayapeleka kwenye barabara ya udongo mwekundu yenye nyasi za kiuno na mvua kila jioni utamdanganya mtu, na atakayedanganywa ni yule anayetembea mbele na kigunduzi mkononi.

Ndo maana ramani tunayokabidhi haina kijani. Tuligombana sana kuhusu hili na nashukuru upande wetu ulishinda. Kuna nyekundu, palipoonekana kitu. Kuna njano, palipopitiwa hapakuonekana kitu, na pembeni imeandikwa kamera gani, saa ngapi, na kwenye kipande cha majaribio tulishika asilimia ngapi. Kuna kijivu, hapajapitiwa, au palikuwa na kivuli, au picha zilipakika. Kiongozi wa wateguaji tunayefanya naye kazi mwanzo hakupenda, alisema mnanipa ramani ya mashaka. Siku hizi ndo anayeanza kuuliza kijivu kiko wapi kabla hata hajaangalia nyekundu, maana nyekundu anajua cha kufanya nayo, kijivu ndo kinamwambia watu wake wapunguze mwendo wapi.

Kwa sasa tunahangaika na magnetomita, ile ya kuning'inizwa chini ya droni kutafuta chuma. Haijali jua wala saa, ambayo kwangu ni raha isiyo na kifani, ila inataka kuruka mita moja au mbili tu juu ya ardhi, na hapo nyasi, matawi na nyaya vinageuka kuwa tatizo jipya kabisa, tena motor za droni yenyewe zinatoa kelele kwenye kipimo kwa hiyo inabidi kamba iwe ndefu, kamba ikiwa ndefu inayumba, ikiyumba hujui kipimo kilichukuliwa wapi hasa. Haioni plastiki pia. Tumeamua tuitumie kwenye nyekundu na njano zilizobaki na alama kubwa, vipande vifupi vifupi, baada ya joto kupita. Mistari yake naichora sasa hivi, mita moja moja, na kompyuta inalia feni tangu asubuhi.